Manukato na Kosa la Neno "Asili"

Wako watu wasemao kwamba achaguaye kati ya Chanel No. 5 na Diorissimo achagua kati ya uongo na kweli. Manukato yale ya kwanza, yaliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921, hayafanani na ua lolote moja. Kwa hiyo huitwa bandia. Ya pili, yaliyotungwa na Edmond Roudnitska kwa ajili ya Dior mwaka 1956, hunukia kama muguet, ua dogo jeupe lipendwalo Ufaransa. Kwa hiyo husifiwa kuwa ya asili.

Hoja hii haisimami. Muguet ni ua bahili: halitoi mafuta ya kufaa kutiwa chupani. Roudnitska alilipanda bustanini mwake, akalinusa, kisha akaiunda upya harufu yake kwa viini vya kemia. Na hayo yaitwayo bandia? Kweli yametiwa aldehaidi kwa wingi, lakini ndani yake mna asmini na waridi la Grasse.

Basi anunuaye kwa ajili ya neno "asili" hununua neno, wala si harufu. Na bei ya chupa hizi ni kubwa mno kulipiwa neno. Paka moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto. Ngoja muda wa saa tatu, kisha nusa. Diorissimo ni asubuhi yenye umande, No. 5 ni ukumbi uliopambwa kwa karamu. Mimi nimechagua ukumbi, wala sioni haya. Nawe usisafirie nyota ya mwenzio.