Kipaji Hakitoboi Chenyewe

Kuna imani iliyoota mizizi Kaloleni, Makongeni, Mbotela na mitaa yote ya Eastlands, Nairobi, inayopakana na Jogoo Road: mwenye kipaji hafichiki, ipo siku atatoboa tu. Wazazi huwaambia watoto wao hivyo. Wanasiasa huirudia wakija kugawa mipira na jezi, na wahubiri huipa baraka. Na tangu Julai 2022, kila anayeitetea ana jina moja mdomoni: mchezaji tenisi Angella Okutoyi.

Imani hiyo si kweli, na inawaumiza watoto wa Eastlands. Jina linalotumiwa kuithibitisha ndilo linaloiangusha.

Hadithi ya Okutoyi jinsi inavyosimuliwa mitaani ni fupi. Alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake, Roselida Asumwa. Mama yao akafariki wakati wa kujifungua, nyanya yao akawalea kwa mshahara wa kufanya usafi shuleni. Msichana akashika raketi akiwa na miaka minne, akafanya bidii, akafika Wimbledon, akashinda. Basi. Msikilizaji anaachwa akiamini kwamba kati ya nyumba ya nyanya na nyasi za Wimbledon hapakuwa na kingine ila jasho na mkono wa Mungu.

Jasho lilikuwepo, na hakuna wa kumnyang'anya hilo. Lakini hebu hatua zake zitazamwe moja baada ya nyingine. Shule aliyofanya kazi nyanya yake ni Loresho Primary, shule ya umma iliyo upande ule mwingine wa jiji, kwenye majumba yenye ua mpana na miti mirefu, na shuleni hapo palikuwa na tenisi. Kama nyanya huyo angeajiriwa kushika ufagio uleule katika shule iliyo kando ya Jogoo Road, mjukuu wake angekuwa na mikono ileile na moyo uleule, na huenda leo angekuwa anasifiwa kwa netiboli, au asingesifiwa kwa lolote. Kilichobadilisha maisha yake kwanza ni mahali nyanya alipopata kibarua.

Alipofika umri wa miaka kumi hivi alichukuliwa na kituo cha mazoezi cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, kilichokuwa Bujumbura. Baadaye akahamia kituo kama hicho Casablanca, Moroko. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa kulikuwa na mtu mwingine anayelipa chakula, malazi, kocha, mipira na tiketi za ndege. Mwaka 2021 akatwaa ubingwa wa Afrika wa walio chini ya miaka 18 huko Sousse, Tunisia. Januari 2022, kwenye Australian Open ya chipukizi, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika Grand Slam ya vijana, akafika raundi ya tatu. Baadaye Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kikampa nafasi ya kusoma na kucheza. Burundi, Moroko, Marekani: ngazi zote kubwa za maisha yake ya uchezaji zilijengwa nje ya Kenya, na nyingi zililipiwa na wasio Wakenya. Halafu Nairobi inasimama na kusema kipaji chake kilitoboa chenyewe!

Fainali ya Wimbledon yenyewe inastahili kutazamwa upya, kwa sababu watu hukumbuka kombe na kusahau waliokuwa upande wa pili wa wavu. Okutoyi, akiwa na miaka 18, alicheza pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi katika fainali ya wasichana ya wachezaji wawili wawili. Seti ya kwanza walipoteza 3-6. Ya pili wakashinda 6-4. Iliyobaki ikaamuliwa kwa mchuano wa pointi 10, ambao mshindi lazima aache pengo la pointi mbili. Wakafika 9-9. Hapo hakuna tena mkubwa wala mdogo. Mpira mmoja ukigusa utepe wa wavu na kurudi nyuma, historia nzima inageuka. Okutoyi na Nijkamp wakapata mbili zilizofuata, 11-9, na Kenya ikapata taji lake la kwanza la Grand Slam.

Waliopoteza ni Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko alikuwa na miaka 15. Wazazi wake ni Wakongo waliohamia Amerika Kaskazini, na yeye alikulia jimbo la Ontario. Mwanzoni mwa 2025 alikuwa nje ya wachezaji 300 bora wa dunia. Agosti mwaka huohuo, mjini Montreal, akiwa bado na miaka 18, aliwang'oa Coco Gauff na Elena Rybakina, kisha akamshinda Naomi Osaka kwenye fainali 2-6, 6-4, 6-1. Kwa mashindano hayo alipokea zaidi ya dola 750,000.

Atasema mtu kwamba mchezo wa wawili si mchezo wa mmoja, na kwamba Mboko ana nguvu za ajabu kwenye mpira wa kuanzia. Ni kweli, na pengine angempita Okutoyi hata kama wote wangelelewa nyumba moja. Lakini kwa nini pengo la pointi mbili liwe, baada ya miaka mitatu, pengo la mamia ya nafasi? Kanada ina kituo cha taifa cha tenisi Montreal tangu 2007. Shirikisho lake ndilo mwenyeji wa mashindano yaleyale aliyoshinda Mboko, na mapato yake hurudi kwa watoto wanaoinukia. Miaka hiyohiyo Okutoyi alikuwa anasomea shahada Alabama na kupenyeza mashindano madogo pale ratiba ya chuo iliporuhusu.

Katikati ya miaka hiyo ikaja Accra. Machi 2024 Okutoyi alishinda dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika. Wakenya wengi walidhani ameshapata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Kanuni ilikuwa na sharti: bingwa wa Afrika apite ikiwa tu yumo ndani ya 400 bora wa dunia ifikapo Juni. Hakuwemo. Bara zima lilikuwa limeona uwezo wake, na bado mlango ukafungwa, kwa sababu orodha ya dunia haipimi uwezo peke yake. Inahesabu pointi, na pointi ziko mashindanoni, na mashindano yako mbali na nyumbani.

Hesabu yake ni ya kuvunja moyo. Ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa kwa wanawake huitwa W15. Dola 15,000 zinagawanywa kwa wachezaji wote, na bingwa mwenyewe huondoka na dola elfu mbili na ushei. Mashindano hayo huchezwa wiki baada ya wiki huko Monastir, Tunisia, na Antalya, Uturuki. Mzaliwa wa Ulaya huruka saa chache, akitolewa raundi ya kwanza hurudi kulala kwao. Mkenya hununua tiketi ghali, hulipa hoteli, hujilipia chakula na mtu wa kumfunga nyuzi za raketi, na akitolewa mapema hupata kiasi kisicholipa hata usiku wa pili. Ili apande lazima afanye hivyo wiki nyingi kwa mwaka. Bidii hainunui tiketi ya ndege.

Kaloleni ilipaswa kuwa ya kwanza kuielewa hoja hii, maana mtaa huu ni ushahidi wake. Ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, kwa mikono ya wafungwa wa vita wa Kiitaliano, ukawekewa nyumba za chini zenye nafasi katikati, zahanati, shule na ukumbi wa kijamii. Hatua chache kutoka hapo kuna City Stadium, ambao sasa una jina la mwanasoka Joe Kadenge. Ndiyo maana Eastlands ilizaa wanasoka na mabondia. Viwanja na kumbi vilikuwepo, vya umma, vya bure, kwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Vipaji vya tenisi navyo bila shaka vilizaliwa hapo, miaka themanini mfululizo. Navyo vilikwenda kucheza kandanda.

Hata mwanasoka Victor Wanyama, mtoto wa Muthurwa anayetajwa kila mara kama mfano wa kutoboa, hakutoboa kutoka patupu. Baba yake, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards. Kaka yake, McDonald Mariga, alitangulia Sweden, na Victor akamfuata huko Helsingborg akiwa kijana mdogo. Kulikuwa na mtu nyumbani anayejua mchezo na mtu ng'ambo anayejua njia.

Hoja ya wakimbiaji nayo hutolewa kama turufu: wale walikimbia pekupeku hadi wakaushinda ulimwengu. Iten, mji wa wakimbiaji hao, haisemi hivyo. Pale kuna St Patrick's, shule ya bweni, na tangu 1976 kuna Brother Colm O'Connell, aliyewanoa vijana mwaka baada ya mwaka, akiwemo Peter Rono aliyechukua dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988, na baadaye David Rudisha. Riadha ya Kenya ilipata shule, kocha asiyeondoka, na barabara ya vumbi isiyodai kadi ya uanachama. Tenisi ya Nairobi, kwa upande wake, mashindano yake makubwa huchezwa Nairobi Club na Karen Country Club, vilabu vya wanachama.

Ubaya wa imani hii ni kwamba humtwika mtoto lawama. Msichana wa Kaloleni asiyefika popote anaambiwa hakuwa na kipaji, au hakujituma, au hakuomba vya kutosha. Mwenye mamlaka anatoka salama. Anasubiri bingwa ajitokeze, apige naye picha uwanja wa ndege, aahidi, asahau. Kila simulizi ya nyanya na ufagio inayorudiwa bila kutaja Bujumbura na Casablanca inampunguzia mzigo huyo.

Mitaa ya zamani ya kaunti huko Eastlands imo katika mipango ya muda mrefu ya kubomolewa na kujengwa maghorofa. Watu watahitaji nyumba, na hilo halina ubishi. Lakini michoro ndiyo inayoamua kama uwazi walioachiwa babu zao utabaki kuwa wa watoto au utakuwa maegesho ya magari. Kiwanja kimoja cha tenisi, pamoja na nafasi ya kukimbilia mpira, ni kama mita 36 kwa 18. Wakazi watakapoitwa ukumbini kutoa maoni, waulize kimechorwa wapi, kocha wake analipwa kutoka fungu lipi la bajeti, na mtoto wa miaka minne ataingia kwa shilingi ngapi.