Tuzo za filamu runingani: shahidi ni yule aliyeona

Ndugu msomaji, miongoni mwa maradhi ya nafsi ya mwanadamu ni kupenda kusifiwa, na miongoni mwa haki zake ni kutambuliwa kwa kazi njema aliyoifanya. Mambo haya mawili hufanana kwa sura, na aghalabu hukaa katika nyumba moja. Ndiyo maana watu wenye akili zao timamu hutofautiana wanapokaa mbele ya runinga kutazama hafla za kutoa tuzo za filamu. Wapo wanaosema kwamba hapo haki inatolewa, na wapo wanaosema kwamba hapo maradhi yanalishwa.

Mabishano hayo tumeyasikia katika miji mingi, lakini yaliyotufanya tushike kalamu ni yale tuliyoyasikia Malambo, katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Tulikuwa safarini, tukaketi katika mgahawa mdogo kusubiri gari. Ndani mlikuwa na runinga iliyoendeshwa kwa umeme wa jua, na king'amuzi kilikuwa kikionyesha marudio ya hafla ya Oscar ya kule Marekani. Walikuwapo vijana waliokwishafunga mifugo yao zizini, mwalimu mmoja wa shule, dereva wa lori, na wazee wawili waliokuja kunywa chai. Wote, kwa kauli zao, ni wapenzi wa filamu. Hata hivyo, kwa muda wa saa nzima hawakukubaliana katika neno lolote.

Vijana walikuwa upande wa kuzitetea hafla hizi. Hoja yao ilikuwa kwamba msanii asiyetuzwa hafi njaa peke yake, bali kazi yake nayo hufa. Walimtaja Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, aliyepokea Oscar mwezi Machi 2014, na wakasema kwamba usiku ule mtoto wa Afrika Mashariki aliyekuwa akijiona mdogo alijiona ameongezeka kimo. Aidha, walikumbusha mwaka 2016 kule Lagos, katika tuzo za Africa Magic, ambapo Watanzania wawili, Elizabeth Michael kwa filamu ya Mapenzi na Single Mtambalike kwa filamu ya Kitendawili, walirudi nyumbani na ushindi. Kijana mmoja akaongeza kwamba hafla hizi ndizo zinazomjulisha filamu gani aitafute, kwani mtu aliye mbali na mji hana njia nyingine ya kupata habari.

Mwalimu na dereva walikuwa upande wa pili. Dereva alisema kwamba yeye anapenda filamu lakini hapendi maonyesho ya nguo. Watu hupita juu ya zulia jekundu wakiulizwa nani kawashonea, na hakuna anayeulizwa filamu inasema nini. Mwalimu aliongeza kwamba katika tuzo zile ambazo watazamaji hupiga kura, ushindi humwendea mwenye wafuasi wengi, na wafuasi wengi si dalili ya kazi nzuri. Alikumbusha pia mwaka 2017, ambapo watangazaji wa Oscar walikabidhiwa bahasha isiyokuwa yake, wakaitangaza La La Land kuwa filamu bora, kabla ya kusahihishwa kwamba mshindi ni Moonlight. Kisha akaja kwenye lile la tarehe 27 Machi 2022, pale Will Smith alipopanda jukwaani akampiga kofi Chris Rock, na haukupita muda akaitwa kupokea tuzo ya mwigizaji bora huku ukumbi ukisimama kumpigia makofi. Mwalimu akauliza, "Hapo alikuwa akisifiwa kwa kazi au kwa jina?"

Ndugu msomaji, kabla ya kutoa rai yetu, yafaa tuangalie jambo hili lilikotoka. Hafla ya kwanza ya Oscar ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli moja ya Hollywood. Wageni walikuwa wapatao 270, washindi walikuwa wamekwishajulikana tangu miezi mitatu nyuma, na ugawaji wenyewe ulichukua takriban dakika 15. Ilikuwa karamu ya watu wa kazi moja kupongezana. Mwaka 1953, kampuni kubwa za filamu zilipogoma kugharamia hafla, shirika la utangazaji la NBC lilitoa dola 100,000 ili lipate haki ya kuirusha, na tarehe 19 Machi mwaka huo hafla ikaonekana runingani kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo runinga iliingia ukumbini kwa mlango wa fedha, na mwenye fedha anapoingia nyumbani hakosi kupanga viti. Leo hafla ile huchukua zaidi ya saa tatu, na tangazo moja la nusu dakika hugharimu takriban dola milioni 2.

Watazamaji wenyewe wamekuwa wakitoa hukumu yao. Mwaka 1998, filamu ya Titanic iliponyakua tuzo 11, Wamarekani wapatao milioni 55 walikaa mbele ya runinga zao. Mwaka 2021 walishuka hadi milioni 10 hivi, na mwaka 2024 wakapanda tena hadi karibu milioni 20. Hali hii inaonyesha kwamba mtazamaji hurudi pale anapoona kuna filamu aliyoiona na kuipenda, na huondoka pale anapoona watu wanapongezana kwa mambo yao wenyewe.

Kwetu sisi lipo na jambo la saa. Hafla ile hufanyika Jumapili jioni kule Los Angeles, na kwa saa za Afrika Mashariki huanza usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu, ikamalizika karibu na adhana ya Alfajiri. Tunawajua vijana wanaokesha wakiitazama hadi filamu bora inatangazwa, kisha wanalala pale pale kwenye kochi huku mwadhini akiita. Mpenzi wa filamu hapungukiwi na kitu akiangalia marudio kesho yake jioni, kama walivyofanya ndugu zetu wa Malambo.

Tuendelee na kisa chetu. Mabishano yalipopamba moto, mmoja wa wale wazee aliweka kikombe chini akauliza, "Wanangu, hizo tuzo zimepata kutolewa kwa habari za huku kwetu?" Vijana wakamjibu kwa adabu, "Hapana, baba, sisi hawatujui." Mzee akatikisa kichwa. Akasema kwamba marehemu baba yake alimsimulia habari za Mzungu na mwanawe waliokuwa wakiruka na ndege iliyopakwa mistari ya punda milia, wakipiga picha za wanyama, na kwamba mwana alikufa kwa ndege hiyo akazikwa Ngorongoro.

Mzee alisema kweli, na vijana walikosea. Wazungu hao walikuwa Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, na mwanawe Michael. Walihesabu wanyama wa Serengeti na Ngorongoro kutoka angani, wakapata zaidi ya 360,000. Mwezi Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tumbusi ikaanguka, naye akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, na kaburi lake lipo hadi leo. Filamu yao, iliyobeba ujumbe kwamba Serengeti haitakufa, ilitoka mwaka huo huo, na tarehe 4 Aprili 1960 ikapewa Oscar ya filamu ndefu bora ya matukio ya kweli. Usiku ule ndio ambao Ben-Hur ilipata tuzo 11. Miaka mitatu baadaye filamu nyingine iliyopigwa katika ardhi ya Tanganyika, Hatari!, ya John Wayne, yenye jina la Kiswahili tangu bango lake, iliteuliwa kuwania Oscar ya upigaji picha, ikashindwa na Lawrence of Arabia.

Hafla ya mwaka 1960 ilirushwa na runinga, na mamilioni ya Wamarekani waliitazama. Huku kwetu hakuna aliyeiona. Zanzibar ilipata runinga mwaka 1973, na Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo ardhi ya mzee yule ilipigiwa makofi mbele ya ulimwengu, na yeye akaja kupata habari kwa masimulizi ya baba yake.

Tuwe waadilifu. Filamu ile ilikuwa na faida kubwa. Iliwafanya watu wa mbali waijali Serengeti, ilivuta misaada ya kuwalinda wanyama, na waliyoitengeneza waliilipia kwa roho ya kijana wao. Lakini vile vile Profesa Grzimek alishikilia rai kwamba hifadhi ya taifa haifai kukaliwa na watu, hata wenyeji wa asili, na filamu ikaipeleka rai hiyo duniani kote. Mwaka ule ule wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walikuwa wakihamishwa, na Ngorongoro ikafanywa eneo ambalo watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Mabishano kuhusu nani akae wapi hayajaisha. Mwezi Juni 2022 Serikali iliweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 ambalo baadaye lilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Pololeti. Serikali ilisema inalinda mapito ya wanyama na vyanzo vya maji, na wafugaji wakalalamikia malisho yao. Malambo ni miongoni mwa vijiji vilivyoguswa.

Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyochimbia mawe ya mipaka. Tunalosema ni kwamba tuzo ni ushahidi. Anayeitoa anauambia ulimwengu, "Hili nimeliona, na ni zuri, na ni kweli." Kwa hiyo tuzo hubeba mzigo ule ule anaoubeba shahidi mbele ya kadhi. Shahidi huulizwa: ulikuwapo? Uliona kwa macho yako? Ulisikia upande wa pili? Kutoka angani wanyama huhesabika vizuri, lakini maneno ya mchungaji aliye chini hayasikiki. Wale waliopiga makofi mwaka 1960 walishuhudia uzuri wa picha, na katika hilo walisema kweli. Upande wa mchungaji hawakuusikia, kwani hapakuwa na filamu ya mchungaji iliyoshindanishwa na ile.

Na lisidhaniwe kwamba kasoro hii ni ya zamani tu. Ilikuwa hadi mwezi Aprili 2025 ndipo wasimamizi wa Oscar walipotangaza kwamba mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika kundi fulani mpaka awe ameziangalia filamu zote zilizoteuliwa katika kundi hilo. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 90 iliwezekana mtu kutoa ushahidi wa asichokiona. Pamoja na hayo tusiwacheke. Tulipowauliza wabishi wetu wa Malambo ni wangapi kati yao wamezitazama filamu walizokuwa wakizigombea jioni ile, ni kijana mmoja tu aliyenyoosha mkono, tena kwa filamu moja. Nasi wenyewe tuliokuwa tukiuliza hatukunyoosha.

Rai yetu basi ni hii. Hafla za tuzo zina nafasi yake, na hatuoni sababu ya kuzikataza au kuzibeza. Nchini mwetu tumeona Tamasha la Filamu la Zanzibar likitoa tuzo ya Jahazi la Dhahabu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, tumeona Azam TV ikianzisha tamasha lake la Sinema Zetu mwaka 2018, na tumeona Bodi ya Filamu ikianzisha Tuzo za Filamu Tanzania mwaka 2021, ambazo mwaka uliofuata zilifanyika Arusha, mkoa huu huu wa Malambo. Hizi ni hatua njema. Lakini wanaozisimamia na kuzirusha tunawanasihi mambo matatu.

Kwanza, filamu zinazowania zionyeshwe kwa wananchi kabla ya siku ya hafla, runingani na hata vijijini kwa gari la sinema, ili mtazamaji apige makofi kwa alichokiona. Pili, majaji waeleze kwa maneno machache, mbele ya kamera, wamempa mshindi kwa mizani ipi. Dakika tano zikipunguzwa katika habari za mavazi zitatosha. Tatu, filamu inayohusu watu fulani isihukumiwe pasi na mmoja wa watu hao kuwamo miongoni mwa wanaohukumu, au japo kuulizwa.

Nanyi vijana wa Malambo na wa kwingineko, msikae mkisubiri wengine wapige picha zenu kutoka angani. Simu mlizo nazo mikononi zinarekodi picha ambazo akina Grzimek wangezistaajabia. Anzeni na masimulizi ya wazee wenu kabla hawajaondoka nayo.

Tulipokuwa tukipanda gari, tulimsikia yule mzee akiwauliza vijana kama filamu ile ya ndege ya punda milia inaweza kupatikana, kwani anataka kuitazama kabla hajasema kama ilistahili tuzo. Kwa maoni yetu, yeye ndiye aliyekuwa jaji mwadilifu kuliko wote waliokuwamo humo ndani.

Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.