Mpira wa Dripu na Kilo za Mtoto



Hapa Kisarawe mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria huongezewa damu, na wengi hupona. Natangulia kusema hivyo ili mzazi asije akakataa damu kwa sababu ya haya ninayoyaeleza.

Mifuko ya damu na mipira mingi ya dripu ni ya plastiki ya PVC. Plastiki hii kwa asili ni ngumu, nayo hulainishwa kwa kemikali iitwayo DEHP. Kemikali hiyo haikushikamana sana na plastiki, hivyo hutoka kidogo kidogo na kuingia katika kinachopita. Maji ya chumvi huichukua kidogo sana. Damu na vitu vyenye mafuta huichukua zaidi, hasa vikikaa muda mrefu au penye joto.

Je, mgonjwa hupata kiasi gani? Wataalamu hukadiria kiasi kilichotoka, kisha hukigawanya kwa kilo za mgonjwa. Kiasi kilekile kikiingia kwa mtu wa kilo 60 na kwa mtoto wa kilo 3, mtoto amepata mara 20 zaidi kwa kila kilo yake. Katika wanyama wachanga wa maabara, DEHP iliharibu korodani. Kwa hiyo Julai 2002 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilishauri vifaa visivyo na DEHP vitumike inapowezekana, hasa kwa watoto wachanga wa kiume. Ilisema pia kwamba tiba isiachwe.

Katika damu si rahisi kuiondoa, maana husaidia chembe nyekundu zisiharibike upesi mfukoni. Lakini mipira ya kulishia watoto waliozaliwa kabla ya wakati ipo isiyo na DEHP. Maoni yangu ni kwamba tuanzie hapo. Anayeagiza vifaa asiangalie bei tu, na wafadhili wanaotutumia mizigo tuwaandikie haja yetu. Kushukuru hakukatazi kusema.

Nanyi nyumbani mna sehemu yenu. Mama mmoja wa Maneromango aliniomba mfuko mtupu wa dripu atilie mafuta ya kupikia. Nilimnyima, akanuna. Mafuta huivuta kemikali hii, na taka za wodini zaweza kuwa na vijidudu. Ndugu zangu, mfuko wa dripu ukiisha kazi, uacheni hospitalini.