Hesabu za vizibo

Wadau, dada yangu anafundisha wanawe nyumbani kule Marekani (majimbo yote 50 yanaruhusu). Kaniuliza anunue mtaala upi wa hesabu: Math-U-See wenye vipande vya rangi, au wa Singapore unaoanza na vitu, kisha picha, ndipo tarakimu.

Mimi nasema wa Singapore, maana hata vizibo vya soda vinatosha. Vijiti vya Mbelgiji Georges Cuisenaire navyo safi: cha 7 na cha 3 vikiunganishwa vinalingana na cha 10, mtoto anajionea.

Ila jamani, haraka ya nini? Dada anasema wa miaka 6 anaimba "saba jumlisha tatu ni kumi" kama kasuku, lakini akificha vizibo 3 kati ya 10 na kumuuliza vimefichwa vingapi, dogo anakodoa macho tu. Hapo ndipo pa kukaa hata wiki mbili, daftari lisubiri.