Nani anatunza programu za ordinatere kuukuu za Ituri?

Kasenyi, kwenye ufuko wa Ziwa Albert, ordinatere haiwekwi kando kwa sababu imezeeka. Inawekwa kando siku inapokataa kuwaka. Huku Ituri mashine nyingi zinafika zikiwa zimekwisha kutumika mahali pengine, umeme unatoka kwenye sola au gurupe, na mega zinanunuliwa kwa hesabu kali. Kwa hiyo si ajabu kukuta ofisini Linux ya miaka kumi iliyopita, na ndani yake orodha ya wagonjwa, ya wanafunzi au ya wanachama wa chama cha akiba.

Orodha hizo zinakaa katika hifadhidata, yaani daftari kubwa la ordinatere. Hata ripoti za vituo vya afya vya nchi nzima zinapita njia hiyo. Kongo inatumia DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo, nayo inaweka data zake ndani ya PostgreSQL. Mtoto aliyechanjwa Kasenyi anaishia kuwa hesabu ndani ya PostgreSQL, kwenye seva iliyo mbali na ziwa. PostgreSQL hailipiwi. Lakini ili iingie vizuri katika Linux fulani, lazima mtu aifunge katika kifurushi kinachofaa mfumo huo (si forfe ya mega, ingawa watu wa ufundi wanatumia neno hilohilo). Sehemu ya kazi hiyo inafanywa na watu wa kujitolea.

Kazi yenyewe haina sifa. Kila toleo kubwa la PostgreSQL linatunzwa miaka 5, kisha basi. Toleo la 12 lilifikia mwisho Novemba 2024. Mifumo nayo ina mwisho wake. CentOS 7, iliyotoka 2014, ilifungwa tarehe 30 Juni 2024, na siku hiyohiyo Debian 10 iliacha kupewa marekebisho yake ya muda mrefu. Kuanzia hapo, kosa la usalama likigunduliwa, anayebaki na mfumo wa zamani anategemea mtu atakayekubali kuchukua rekebisho lililoandikwa kwa programu mpya, alibadili lilingane na maktaba za zamani, ajenge kifurushi, akijaribu, akitie saini ya kidijitali, kisha akiweke mahali ambapo wengine watakipakua. Akifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba yupo. Akikosea, ndipo anaandikiwa.

Wako wanaosema: hamia mfumo mpya, maneno yaishe. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye umeme wa saa 24 na fundi wa karibu. Kwa wengine, kuhama kwa haraka kunaweza kuumiza kuliko kubaki. Mwaka 2018 maktaba ya glibc, ambayo karibu kila Linux inaiegemea, ilibadili namna ya kupanga maneno kwa alfabeti katika toleo la 2.28. Hifadhidata iliyopangwa kwa utaratibu wa zamani ikafunguliwa kwenye mfumo mpya inaweza kutafuta jina na kusema halipo, wakati limo. Dawa yake ni kujenga upya faharasa zote, lakini ni lazima kwanza ujue kwamba kuna tatizo. Ituri ilipitia Ebola ya 2018 hadi 2020, ambapo kila aliyekutana na mgonjwa alifuatiliwa siku 21. Mkaaji wa huku hahitaji kuelezwa maana ya jina lisiloonekana kwenye orodha ya namna hiyo.

Mzigo huu ukimwelemea mtu mmoja, hatari inaingia kimyakimya. Ndivyo ilivyotokea kwa xz, programu ndogo ya kubana mafaili. Mtunzaji wake wa kujitolea alikuwa amechoka, akashinikizwa, akapokea msaidizi aliyejiita Jia Tan. Baada ya zaidi ya miaka miwili ya kujenga imani, msaidizi huyo aliingiza mlango wa siri. Aliyeugundua, Machi 2024, ni Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL: aliona kuingia kwenye ordinatere yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia. Mifumo ya zamani haikuguswa safari hiyo, kwa bahati tu.

Lawama hapa isiwaendee wanaojitolea. Wana haki ya kuacha wanapochoka. Iwaendee wanaoleta ordinatere na miradi Ituri wakiwa na bajeti ya mafuta ya gari na ya semina, lakini bila franka moja ya kutunza programu mwaka wa tano, mradi unapokuwa umeondoka. Debian yenyewe ilionyesha njia nyingine: marekebisho yake ya muda mrefu yanafanywa kwa sehemu kubwa na watu wanaolipwa kutokana na michango ya makampuni na mashirika.

Vijana wanaosoma informatike Bunia nao wana kitu ambacho mafundi wa Ulaya wanazidi kukikosa: mashine kuukuu zinazofanya kazi kila siku. Tangu Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ordinatere za biti 32 haziwezi tena kusakinishiwa mfumo huo. Kujaribu kifurushi kwenye mashine ya kweli, umeme ukikatika katikati ya kazi, na kuandika kilichoharibika ni msaada ambao watunzaji wanauhitaji, nao hauhitaji mega nyingi.

Si kila kitu kikuukuu kitunzwe. Mfumo uliofungwa, wenye majina ya wagonjwa na ulio wazi kwenye intaneti, uzimwe au utengwe na mtandao leo, hata kama hakuna wa kuurithi. PostgreSQL 14 imepangiwa kufikia mwisho Novemba 2026. Anayeiendesha Bunia au Kasenyi aanze kwa kunakili data zake kwenye diski ya pembeni, kisha aangalie namba ya toleo la glibc kabla ya kugusa kitu kingine.