Tamasha la Kutazama na Ngoma ya Kuamua: Jibu kwa Malenga Anayekuja Usukuma

Miezi ya mavuno inapokaribia, swali moja hunifikia kutoka kwa washairi wenzangu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam: ikiwa nina nauli ya safari moja tu ya Usukuma, nije katika sherehe ipi? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa sherehe zetu ni nyingi na hazifanani. Nimekuwa nikilijibu kwa maneno machache, mtu mmoja mmoja. Leo napenda kulijibu kwa kirefu mbele ya wasomaji wote wa baraza hili, kwa sababu ndani yake mna swali jingine linaloigusa tungo yetu: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba utungo fulani ni bora?

Nianze na maneno, maana ndiyo mali yetu. Kiswahili kina neno tamasha, tulilolipokea kwa njia ya Bahari ya Hindi, nalo limebeba tangu huko lilikotoka maana ya kutazama jambo la kupendeza. Penye tamasha pana mtazamaji na mtazamwa. Kiswahili hicho hicho kina neno ngoma, ambalo ni chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa, wimbo unaoimbwa na mkusanyiko wa watu wanaoufuata. Kwa Kisukuma, kubina ni kucheza, na mbina ndiyo ngoma yenyewe. Jamaa zetu wa Kongo wanaosema Kilingala nao husema kobina wakiwa na maana hiyo hiyo. Msafiri anayeuliza aende wapi hana budi kujiuliza kwanza anakwenda kutazama tamasha au kuingia katika mbina. Hivyo ni vitu viwili.

Kwa mgeni wa Usukuma, njia zinazojitokeza ni tatu.

Ya kwanza ni Bulabo ya Bujora, karibu na Kisesa, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Bulabo kwa Kisukuma ni maua. Sherehe hii hufuata sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo aghalabu huangukia mwezi wa Juni, na kukua kwake kumefungamana na kazi ya Padre David Clement, mmisionari Mkanada aliyekijenga kituo cha Bujora kuanzia miaka ya 1950. Hapo pana makumbusho ya Wasukuma, pana ngoma zilizopangwa kwa ratiba, na pana wenyeji waliozoea kumweleza mgeni anachokiona.

Ya pili ni sherehe za viwanjani hapa mkoani Simiyu. Tangu mkoa huu ulipozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, mji wa Bariadi umekuwa makao makuu yake, na mikusanyiko mikubwa imeongezeka. Maonesho ya Nane Nane yalifanyika kitaifa katika viwanja vya Nyakabindi mwaka 2018, na tena 2019 na 2020. Penye mikusanyiko ya namna hii hapakosi kikundi cha ngoma za asili, na wakati mwingine huwapo mbio za baiskeli, ambazo Wasukuma wanazipenda sana. Mgeni hukaa kwenye kiti, kipaza sauti humtajia jina la kila kikundi, na jioni hurudi mjini katika nyumba ya wageni.

Ya tatu ni mbina ya kijijini, baada ya mavuno, pamba ikiwa imechumwa na mtama umo ghalani. Hiyo haina tangazo barabarani. Husikika kwa mdomo, gulioni, kwenye mnada wa ng'ombe, au kwa mwendesha bodaboda anayejua kila kitu kabla ya wengine.

Ushauri wangu ni huu: malenga na aje kwenye hiyo ya tatu. Sababu yangu haihusu uasilia, neno ambalo siku hizi limegeuzwa bidhaa. Inahusu hukumu.

Wachezaji wa Usukuma kwa muda mrefu wamegawanyika katika pande mbili kuu, Wagika na Wagalu. Masimulizi huwataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa yenye nguvu zaidi, na ushindani wao ukaamuliwa kwa ngoma. Tangu hapo vikundi vya pande hizi mbili hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watu wako huru kwenda huku au kule. Wanakimbilia upande unaowavuta, wakichoshwa wanahama, na mwisho wa yote mshindi ni yule aliyezungukwa na umati mkubwa zaidi. Hakuna meza ya waamuzi wala karatasi ya alama. Hukumu hutolewa kwa miguu.

Kwa ajili hiyo vikundi hutumia kila njia. Wapo wanaorusha majembe juu na kuyadaka katika bugobogobo, ngoma iliyozaliwa katika kazi ya kulima. Wapo wa buyeye wanaocheza na nyoka. Wapo wa bununguli, ambao asili yao ni wawindaji wa nungunungu. Wapo waliochonga sanamu za mbao ili kuwachekesha au kuwashtua watu. Katikati ya hayo yote yupo mtunzi, ambaye Wasukuma humwita ningi na wengi wetu kwa Kiswahili tungemwita manju. Kazi yake ni wimbo. Humtania mpinzani, husema ya mwaka huo, bei ya pamba, mvua iliyochelewa, kiongozi aliyeahidi akasahau. Wimbo wa mwaka jana haumfai, kwa kuwa umati umekwisha kuusikia.

Hapa ndipo shairi la Kiswahili linapohusika. Sisi tuna mizani, vina, vituo na bahari, na tuna haki ya kujivunia hazina hiyo. Lakini mashindano yetu mengi ya ushairi huamuliwa na watu watatu waliokaa mezani, wakihesabu. Utungo uliotimiza hesabu hupita, hata kama hakuna msikilizaji hata mmoja atakayeukumbuka akifika mlangoni. Haikuwa hivyo daima. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anakumbukwa kwa kuufikisha ushairi kwa watu wa mjini, akijibizana na watani na mahasimu. Vyama vya beni vya pwani, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mapambo na nyimbo hadi ushindani huo ukaenea bara, na mwanahistoria Terence Ranger akauandikia kitabu mwaka 1975. Ushindani mbele ya umma ni urithi wetu pia. Tumeuacha ukalala, na Usukuma bado uko macho.

Zipo hoja za kunipinga, nazo zina uzito.

Ya kwanza husema kwamba umati si hakimu mwadilifu. Ni kweli. Niliwahi kusimama katika uwanja mmoja wilayani Itilima, nikaona watu wakikihama kikundi chenye wimbo mzuri sana ili kwenda kumtazama nyoka. Lakini niliona pia yaliyofuata. Manju aliyeachwa hakulalamika. Alinyamazisha ngoma zake, akaanzisha ubeti mpya juu ya watu wanaokimbilia mnyama asiye na masikio. Kicheko kikatoka kwa wachache waliobaki, wakarudi wengine kuuliza kinachochekesha, na kiitikio kikawashika. Sisemi kwamba umati haukosei. Nasema mtunzi anayejua kwamba anaweza kuachwa peke yake hutunga kwa namna nyingine.

Ya pili husema kwamba mgeni hajui Kisukuma. Naye atafaidi nini? Atafaidi zaidi ya anavyodhani, mradi atafute mwenyeji wa kumfasiria na avumilie kutofahamu kila neno. Asikilize mtunzi anavyotupa mstari na kundi linavyoupokea. Asikilize mahali ambapo pumzi inakatwa. Asikilize ubeti wa tatu, ambapo watu wasiokuwa wachezaji huanza kuitikia. Hapo atajifunza juu ya kiitikio jambo ambalo sijalisoma katika kitabu chochote cha arudhi.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Husema kwamba bila sherehe za viwanjani vikundi vingi vingekufa, kwa kuwa ndizo zinazoleta fedha, sare na heshima. Siikatai hoja hiyo, wala sitaki sherehe hizo zifungwe. Ila kila neema ina gharama yake. Kikundi kinachopewa dakika chache mbele ya mgeni rasmi huacha wimbo wa kejeli, huchukua wimbo wa sifa, na huondoka kabla mpinzani hajaingia. Mbina ambayo kijijini huchukua mchana mzima hubaki pambo la kusubiria hotuba. Elias Songoyi, katika utafiti wake juu ya msanii na dola, aliwalinganisha waimbaji wawili mashuhuri, Kalikali na Mwinamila, na swali alilolichunguza lingalipo: mwimbaji anamwimbia nani, na nani anamlipa? Waandaaji wakitaka kutusaidia, na wawape Wagika na Wagalu uwanja mmoja, saa moja ile ile, kisha wawaachie watu wachague. Haitawagharimu chochote.

Jambo hili si letu peke yetu. Ujerumani, katika bonde la mto Rhine, miji ya Cologne na Düsseldorf ina kanivali zake, na hata salamu hazifanani: Cologne huitana kwa Alaaf, Düsseldorf kwa Helau, na mgeni anayechanganya salamu hizo huchekwa. Msafiri wa huko akiuliza kanivali ipi ni bora, atajibiwa kwa mapenzi ya mji. Nasi tungeweza kujibizana hivyo, Bujora na Bariadi, Mwanza na Simiyu. Lakini malenga ana kipimo kingine. Na aulize ni wapi wimbo ulitungwa kwa ajili ya siku hiyo, na ni wapi unaweza kushindwa.

Basi kwa anayekuja, haya ndiyo ninayomshauri. Aje kati ya Juni na Agosti. Ikiwa hajawahi kufika Usukuma, apitie Bujora kwanza, ayaone makumbusho na ajue majina ya ngoma, maana si aibu kuanza na tamasha. Kisha apande basi linalopitia Lamadi, ashuke Bariadi, akae siku zaidi ya moja, na aulize gulioni. Akifika penye mbina, awasalimie wazee kabla ya kutoa simu yake kupiga picha, na aombe ruhusa. Asisimame mahali pamoja. Vikundi viwili vikianza, achague kwa miguu yake kama wengine, na ajichunguze ni mstari gani uliomhamisha.

Akirejea kwao, naomba ajaribu jambo moja katika chama chake cha washairi. Wawili wasome kwa wakati mmoja katika pembe mbili za ukumbi, na wasikilizaji waende wapendako. Watakaoachwa wataumia, nami sitawaficha hilo. Lakini wiki inayofuata wataleta utungo mwingine, na nadhani utakuwa bora kuliko ule wa kwanza.