Kiingereza kiko ng'ambo ya ziwa: tuulize kabla ya kuuza mtumbwi wa baba

Wandugu wa Baraka, wa Fizi, wa Mboko, wa Lulimba, na nyinyi wote mulio mbali na nyumbani,

Kila mwaka matokeo ya Egzetat yakitoka, swali ni lile lile: niende kusoma wapi, kwa nchi ya Kiingereza? Mmoja anasema Kanada, mwingine Uingereza, mwingine Kampala. Wazazi wanaanza kuuza: ng'ombe, kipande cha shamba, mashine ya mtumbwi. Na hapo ndipo wanatokea watu wa kuahidi viza na nafasi ya chuo, ukilipa leo. Tunataka kusema wazi juu ya jambo hili, juu pesa inayopotea pale si ya mtu mmoja, ni ya familia nzima.

Hatumlaumu anayetaka kuondoka. Tuko wengi wenye lisansi mkononi na kazi hakuna. Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili, na kijana wa Fizi aliyekuwa anapanda kusoma Bukavu sasa anafikiri mara mbili. Kumwambia "baki tu" bila kumuonyesha mlango mwingine ni kumdanganya.

Lakini mlango haupimwi kwa jina tamu. Tuangalie Kanada. Toka mwezi wa tisa 2025, mwanafunzi anayeenda peke yake anaombwa kuonyesha dola za Kanada 22,895 za kuishi mwaka mmoja, mbali na minervali na tiketi. Uingereza wanataka pesa ya kuishi ikae kwenye konti siku 28 bila kuguswa. Nani hapa Baraka anauza dagaa na kuacha pesa ya namna hiyo ilale benki? Ukipata bursi kamili, nenda, tutakusindikiza. Bila bursi, usiuze shamba juu ya ndoto ya picha za simu.

Sasa tugeuze macho, tutazame ziwa. Ukisema Tanzania, vijana wanacheka: "Kule ni Kiswahili tu, Kiingereza utakijulia wapi?" Hapo tunakosea hesabu. Tanzania watoto wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lakini sekondari na chuo kikuu ni kwa Kiingereza. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, kitabu ni Kiingereza. Sokoni, hospitalini, kwa mwenye nyumba, unaongea Kiswahili chako cha Fizi na unasikilizwa. Kwa mtoto aliyesoma maisha yake yote kwa Kifaransa, hiyo si hasara. Unapambana na lugha mpya darasani tu, hupambani nayo hata ukitafuta chumvi. Tena njia tunaijua: mwaka 1996 watu wetu walivuka ziwa wakikimbia vita, na mpaka leo wengi wetu tuko na ndugu Nyarugusu. Tulivuka na magodoro kichwani. Tunaweza kuvuka na diploma.

Uganda pia ni mlango wa kweli. Makerere iko toka 1922, na Kampala kuna Wakongomani wengi wa kukupokea. Ila Kiswahili hakitakusaidia sana mitaani kama Kigoma au Dar es Salaam. Kwa hiyo panga muda wa kusoma Kiingereza kwanza, na pesa ya muda huo uihesabu toka mwanzo.

Nchi yoyote utakayochagua, uliza maswali matatu kabla ya kutoa hata franka moja.

La kwanza: hicho chuo kinatambuliwa? Tanzania kuna Tume ya Vyuo Vikuu, Uganda kuna Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kenya kuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Hawa ndio wenye orodha. Chuo kisichokuwa kwenye orodha yao, hata kama jengo ni ghorofa, kikimbie.

La pili: diploma yako ya Serikali italinganishwa wapi? Tanzania, ya sekondari inapelekwa Baraza la Mitihani. Uganda, inapelekwa UNEB. Bila karatasi hiyo unaweza kufika, kupanga chumba, na chuo kikakufungia mlango. Ajenti asiyekuambia habari ya ulinganisho, huyo anataka pesa yako tu.

La tatu: ukirudi, utafanya nini na ulichosoma? Sheria yetu ilitoka kwa Wabelgiji na inaandikwa kwa Kifaransa. Tanzania, Kenya na Uganda wanafuata sheria ya Kiingereza. Anayetaka kuwa wakili Uvira, kusomea sheria Kampala ni kuzunguka. Lakini kilimo, uvuvi, kompyuta, ujenzi, hayo hayabadiliki ukivuka mpaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha mambo ya uvuvi, Sokoine kule Morogoro kinafundisha kilimo. Sisi tunaishi kwa samaki na muhogo. Ziwa ni moja, samaki ni wale wale.

Na sasa tunageukia wakubwa wetu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya hiyo ilishatangaza mwaka 2017 kwamba elimu ya juu ya nchi zake iwe eneo moja. Kwa kijana wa Fizi, faida iko wapi? Tunadai mambo matatu. Diploma ya Serikali itolewe kwa wakati, juu wengine wanangoja miaka na kubaki na atestesheni tu. Kazi ya kuthibitisha karatasi isogezwe karibu, maana safari ya Kinshasa inakula minervali ya mwaka. Na Serikali ikubaliane na majirani zake, diploma yetu ijulikane thamani yake kabla mtoto hajapanda mtumbwi.

Wabunge wa Fizi, mulipita hapa kuomba kura. Jambo hili mulipeleke Kinshasa, tunasubiri jibu la wazi.

Na wewe mwenye diploma mpya: kaa na wazazi, wekeni hayo maswali matatu mezani, andikeni majibu. Likibaki moja bila jibu, mtumbwi wa baba ubaki majini, uendelee kuvua.